Mkalimani wa Katubuka na Chupa ya Mwisho wa Mwezi

Tulimwita Mkalimani, naye aliitika. Jina alilopewa na wazazi wake nililiona mara moja tu, kwenye kibali chake cha kukaa mjini, na sitaliandika hapa kwa sababu hakupenda litajwe na watu wasiojua kulitamka. "Mkifika katikati ya jina mnanivunja mguu," alikuwa akisema. Basi mtaa wetu mzima wa Katubuka, pale mjini Kigoma, kuanzia wauza mawese hadi watoto wa shule, ukamjua kwa kazi yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu aliyebeba trei yenye glasi. Baadaye ndipo tulipojua kwamba kweli aliwahi kuibeba. Viatu vyake vilikuwa jozi moja, vyeusi, vya kamba, vimebandikwa soli mara nyingi hadi fundi viatu akawa anamsalimia kama ndugu. Mvua ikinyesha alivivua, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akatembea pekupeku kwenye tope mpaka mlangoni kwa mtu, akaosha miguu, akavivaa tena. Ukimwambia aingie hivyo hivyo, aliudhika.

Mimi nilikuwa nesi wa mkataba katika kituo cha kupokea wakimbizi, kando ya ziwa, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Ilikuwa miaka ya tisini. Kuna wiki walifika watu wachache, kuna wiki walifika hadi mchanga wa ufukweni ukawa hauonekani. Wengi walitoka Burundi, wakisema Kirundi, na maafisa wa kuandikisha walikuwa wameletwa kutoka mikoa ya mbali, hawajui Kirundi wala Kiha. Mkalimani mwenyewe alikuwa mkimbizi kama wao, ila alijua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, akapewa kibali cha kuishi mjini ili afanye kazi ile. Mimi ni Mha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo nilikuwa nasikia pande zote mbili. Niliweza kumpima kwa masikio yangu mwenyewe, jambo ambalo maafisa hawakuliweza.

Hakukaa katikati ya watu wawili wanaozungumza. Alivuta kigoda chake nyuma kidogo ya yule anayehojiwa, ili afisa na mkimbizi watazamane. "Mkinitazama mimi," aliwaambia, "mimi ndiye nitakuwa nimekosea." Na hakuongeza wala kupunguza. Siku moja kijana mmoja, amechoka, ana njaa, alimtukana afisa tusi zito la Kirundi. Mkalimani akalitia kwenye Kiswahili lote, na mkia wake. Afisa akaruka kitini.

"Wewe! Umenitukana?"

"Hapana, bwana. Nimekuletea tusi. Mwenye nalo ni huyu hapa."

"Hukuweza kulilainisha kidogo?"

"Nikililainisha, utakuwa umezungumza na mimi. Yeye atakuwa bado hajasema kitu."

Afisa alimtazama, kisha akamtazama kijana, kisha akamwambia mtu amletee uji. Nilikuwepo. Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kumpenda yule mtu, kwa namna unavyompenda kaka mkubwa ambaye hukuzaliwa naye.

Mvinyo uliingia maishani mwetu katika mtaa wa Mwanga, kwenye duka la vyakula. Nilikuwa na Stella, jirani yangu, karani wa bandarini, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa. Tulikuwa tumekwenda kununua sukari, na Mkalimani alikuwa amefuatana nasi. Kwenye kona, nyuma ya magunia, palikuwa na katoni zenye vumbi. Mwenye duka akasema ni waini nyekundu ya Hispania. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akiipeleka ng'ambo ya ziwa, vita ikamzuia, akaiacha kwa bei ya kutupa.

"Hainunuliki," alisema mwenye duka. "Watu wamezoea waini tamu. Hii wanasema inakwaruza. Sasa nauza chupa moja karibu na bei ya bia mbili, na bado haitoki."

Mkalimani alichukua chupa moja. Akatoa leso, akaipangusa taratibu, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akatazama shingo yake. 

"Umeziweka wapi muda wote?"

"Hapo hapo sakafuni. Nyuma hakuna dirisha."

"Basi umezitunza bila kujua," alisema, akatoa pesa mfukoni.

Njiani alitueleza. Kule Bujumbura alifanya kazi miaka mingi katika hoteli kubwa, na kazi yake ilikuwa mvinyo: kuupokea, kuulaza, kuuonja, kuumimina. Alijua jina la chupa kwa kusikia harufu ya kizibo. Hakuwa amegusa hata tone tangu alipokimbia. Alitusomea maandishi ya kibandiko, palipochorwa kilima na kanisa dogo. "Wahispania hawasemi mvinyo mwekundu," alisema. "Wanasema *tinto*. Maana yake uliotiwa rangi." Akarudia neno hilo peke yake hatua kadhaa, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi za jioni, chupa moja, watu wanne: yeye, mimi, Stella, na mwenye nyumba wake, Mzee Rajabu.

Huyu Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Ujiji, muuza viungo na manukato sokoni. Nyumba ya Katubuka ilikuwa ya marehemu dada yake, naye akampangisha Mkalimani chumba na ukumbi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano na hakutia mvinyo kinywani hata siku moja. Alikunywa chai yake ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai aliyokuja nayo mwenyewe. Lakini alipenda kukaa nasi, na baada ya miezi miwili ya kutazama, aliomba glasi anuse.

"Mzee, watu watasema," Stella alimtania.

"Wameshasema. Kinywa changu nitakijibu mimi siku ya kujibu. Pua sijasikia mahali nimeambiwa niizibe."

Glasi zilikuwa zile ndogo za chai. Hatukuwa na nyingine, na Mkalimani alizikubali bila kulalamika. Chupa aliifunga kwa kitambaa kilicholoa, akaisimamisha kwenye beseni la maji tangu baada ya misa. "Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba," alisema. "Chumba cha kwao, si chumba cha Katubuka." Alizibua bila kelele, akamimina kidogo mno, akasema: "Tazameni. Nuseni. Halafu mwekeni mdomoni, msimmeze kwanza. Mpeni nafasi aseme."

Alikuwa na sharti moja: haikuruhusiwa kusema "tamu" wala "nzuri."

"'Nzuri' si jibu," alisema. "'Nzuri' ni adabu. Mimi sitaki adabu, nataka habari."

Mara ya kwanza niliona aibu. Nilionja, nikahisi ulimi umekauka pembeni na meno yamekuwa kama yamepakwa chaki. Nikasema, "Una ukakasi. Kama ndizi mbichi ukiimenya ukailamba."

Alipiga paja. "Ukakasi! Nimehangaika na neno hilo kwa Kifaransa miaka yote ile, kumbe Kiswahili kinalo tayari!" Akachukua daftari la shule, lenye mistari, akaandika. Stella akasema anaonja zambarau zile zilizoiva sana hadi zikadondoka zenyewe. Likaandikwa. Miezi miwili baadaye, siku aliyoomba glasi, Mzee Rajabu akaingiza pua yake ndefu ndani, akafumba macho, akakaa muda mrefu hadi tukadhani amesinzia.

"Hapa kuna karafuu," alisema mwishowe. "Lakini si mpya. Ni karafuu iliyokaa sandukuni. Na sanduku lenyewe nalisikia. Mbao, tena mbao ngumu."

Mkalimani alisimama. Akazunguka meza. "Pipa," alisema. "Mzee amesikia pipa! Mvinyo huu umelala kwenye pipa la mti, maelfu ya maili kutoka hapa, na mzee amelisikia kutoka Ujiji!" Siku ile alicheka hadi machozi. Sikuwahi kumwona akicheka vile kituoni.

Daftari lile lilijaa. Udongo baada ya mvua ya kwanza. Ngozi ya begi jipya. Moshi wa kuni zilizozimwa kwa maji. Ukwaju uliokaa kwenye chumvi. Tulibishana kama wanasheria. Chupa ilikuwa ya aina ile ile kila mwezi, ya duka lile lile, na bado hatukuimaliza kuisema.

Stella alimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo kwa kinywaji cha bei ya bia mbili. Mkalimani aliweka kalamu chini.

"Dada Stella, Jumatatu hadi Jumamosi mdomo wangu umejaa maneno ya watu wengine. Wengine wamefiwa, wengine wanadanganya, wengine wanauliza tu choo kiko wapi. Yote yanapita hapa." Akagusa koo. "Jumapili moja kwa mwezi nataka nijue kama ulimi bado ni wangu."

Hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha lugha kilichoweza kumchosha mtu. Sisi wa Kigoma tunasema "naendaga," "nakulaga," na kila nilipoteleza alinishika: "Sista, hiyo 'ga' umeiokota wapi? Hata kwenye kamusi haimo." Mimi mzaliwa, yeye mgeni, na ananisahihisha Kiswahili. Mwaka wa pili nilimsikia sokoni akimwambia muuza samaki wa migebuka, "Mimi nanunuaga kwako siku zote." Nilimtazama tu. Alitazama pembeni.

Aliogopa maji. Mtu aliyeokoka kwa mtumbwi, anayefanya kazi hatua hamsini kutoka ziwani, hakuwahi kuingiza hata kidole cha mguu. Na pamoja na ukali wake wote juu ya ukweli, alikuwa akimwambia bibi mmoja jirani kwamba maandazi yake ndiyo bora mjini. Maandazi yale yangeweza kujengea ukuta.

Na alikuwa na hasira za ajabu: akiudhika aliwasha pasi ya mkaa, akapiga pasi kila kitu. Mara moja Stella, kwa utani au kwa kiu, alimimina soda kwenye glasi yake ya mvinyo.  Mkalimani alinyanyuka, akavaa viatu, akafunga kamba zote mbili, akatoka nyumbani kwake mwenyewe, akatuacha tumekaa. Alirudi baada ya nusu saa na mkungu mdogo wa ndizi. "Haya," alimwambia Stella. "Ina ladha gani, hiyo dawa yako?" Stella akasema ina ladha ya sherehe ya ubatizo. Mkalimani akaonja, akakunja uso, akaandika kwenye daftari: *ubatizo*.

Sasa niseme lile ambalo ningependa kuliruka.

Ilikuwa asubuhi yenye mawimbi. Boti mbili zilifika zikiwa zimejaa kupita kiasi, na miongoni mwa watu alikuwamo mama mmoja kijana mwenye watoto watatu. Mdogo wao, wa miezi michache, alikuwa ameshafariki njiani. Mama hakutaka kumwachia mtu yeyote. Mkalimani ndiye aliyekaa naye mchangani, karibu saa nzima, mpaka akakubali. Yeye na wanaume wengine wawili wakamzika mtoto juu kidogo ya kituo. Kisha akaosha mikono, akavuta kigoda chake, kazi ikaendelea.

Mchana yule mama alifika kwenye meza ya kuandikishwa. Meza yangu ya kupimia watoto ilikuwa pembeni yake, nikiweza kunyoosha mkono nikamgusa.

"Mwulize ana watoto wangapi," alisema afisa. Huyu hakuwa yule wa tusi, alikuwa mwingine, mgeni, anayefanya kazi haraka haraka.

Mama akasema kwa Kirundi: watatu. Afisa akatazama, akaona wawili. Akauliza wa tatu yuko wapi. Mama akasema: amelala.

Mkalimani alitafsiri yote kama yalivyo. "Anasema ana watatu. Wawili hawa, na mmoja amelala." Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alisogeza kigoda mbele, akamtazama afisa usoni. "Hayo ni maneno yake. Haya sasa ni yangu mimi. Huyo wa tatu tumemzika leo asubuhi. Andika wawili, bwana, lakini nakuomba usimwulize tena."

Afisa alikasirika. Alisema mkalimani hana maneno yake. Alisema hivi ndivyo watu wanavyofundishwa kutaja watoto wasiokuwepo ili wapate chakula zaidi, kisha mkalimani anawafichia. Aliandika taarifa. Kesho yake Mkalimani alisimamishwa, na siku iliyofuata mkuu wa kituo aliniita mimi, kwa kuwa ndimi pekee pale niliyesikia lugha zote mbili.

"Nesi, ulisikia nini? Je, alimfundisha yule mama?"

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Afisa alikuwa amesimama dirishani. Nilisema, "Nilikuwa napima watoto, mkuu. Sikusikia vizuri."

Ndivyo nilivyosema. Sikusingizia mtu, na hadi leo sentensi ile ndiyo chafu kuliko zote nilizowahi kutamka.

Mkalimani aliachishwa kazi. Bila kazi hapakuwa na kibali, na bila kibali alitakiwa apande lori la kwenda kambini, mbali huko bara, ndani ya wiki mbili. Ndani ya wiki hizo ikaangukia Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nilidhani hatatualika. Alitualika. Stella hakujua habari zote, Mzee Rajabu alijua nusu. Chupa ilikuwa kwenye beseni, glasi zimepangwa, na pembeni ya mlango palikuwa na begi lake limeshafungwa.

Alimimina. Stella alisema kitu. Mzee Rajabu alinusa, akasema kitu. Ikafika zamu yangu.

"Ni... ukakasi," nilisema.

"Sista," alisema kwa upole, "hujaonja. Glasi haijafika mdomoni."

Kweli ilikuwa bado mezani. Nilijaribu kuiinua, nikashindwa. Mzee Rajabu akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mwanangu, una nini?"

Nikasema. Nilisema yote mbele ya watu watatu: nilivyosikia kila neno, nilivyoulizwa, nilivyojibu. Stella akaziba mdomo. Mkalimani hakusogea. Nilingoja anifukuze, au aniambie haidhuru. Hakufanya hata moja kati ya hayo.

"Nilikuwa najua," alisema. "Niliambiwa jibu lako. Nilikaa nikijiuliza nitalifasiri vipi. Nikasema hapana, ngoja mwenyewe aje aliseme."

"Nisamehe, kaka."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo habari." Akavuta pumzi. "Sasa onja, maana mvinyo unapata joto."

Nilionja huku nalia, na sikumbuki ulikuwa na ladha gani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa kituo kabla hajafika. Nilimwambia kwamba nilidanganya, kwamba nilisikia kila neno, kwamba Mkalimani alitafsiri sawasawa na maneno yake mwenyewe aliyatenga waziwazi mbele ya afisa. Nikamwonyesha kaburi. Lilikuwa na mawe matatu na tawi la mchikichi lililoanza kukauka. Mkuu alivua kofia, kisha akanigeukia.

"Unajua naweza kukusimamisha na wewe?"

"Najua."

Hakunisimamisha, lakini mkataba wangu haukurefushwa, na sikulalamika. Mkalimani naye hakurudishwa kwenye meza ile. Taarifa ilikuwa imeshakwenda juu, na mambo yakienda juu hushuka polepole. Ila mkuu aliandika barua ya kurasa mbili kueleza kilichotokea, Mzee Rajabu akaipeleka mwenyewe kwa mikono yake, amevaa kanzu safi, hadi kwa daktari mmoja wa hospitalini aliyekuwa mteja wake wa udi. Daktari alikuwa na wodi nzima ya wagonjwa asiowaelewa. Siku mbili kabla lori halijaondoka, Mkalimani alipata kibali kingine. Mimi nilifuata hapo hapo hospitalini miezi mitatu baadaye, nikapata kazi ya wodini, na tukafanya kazi pamoja tena, yeye na kigoda chake.

Na yule afisa? Aliendelea. Lakini nilipopita kituoni siku moja kuwaona wenzangu, nilimsikia anaandikisha. Alimwuliza baba mmoja, kupitia mkalimani mpya, idadi ya watoto wake, baba akataja, akaandika. Hakuuliza wako wapi. Alisubiri kidogo, kalamu mkononi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kuna jambo lingine ungependa nijue?" Sijui kama lilitokana na Mkalimani. Nilipomsimulia, yeye alisema tu, "Swali zuri," na ukizingatia sheria zake kuhusu neno hilo, zilikuwa sifa kubwa.

Yule mama kijana alipelekwa kambini na watoto wake wawili. Mkalimani alipata habari zake mara mbili kupitia watu: kwamba yuko salama, kisha kwamba amefungua genge la mboga. Mara zote mbili alikuja wodini kuniambia kabla hajavua hata koti.

Miaka ikapita hivyo. Katoni zile za dukani ziliisha, tukaagiza nyingine kwa madereva wa malori, wakati mwingine tukapata mvinyo mbaya hasa, tukausema ubaya wake kwa maneno yanayofaa. Amani iliporudi Burundi na watu wakaanza kurejea, alirejea na yeye. Aliniachia anwani isiyofanya kazi. Tukakaa miaka sita bila kusikia neno.

Kisha Jumamosi moja asubuhi, nikiwa naanika nguo kwenye kamba, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yeye. Nywele nyeupe zote, suti ya kijivu, mgongo umenyooka vile vile.

"Mwakeye, Sista," alinisalimu kwa Kiha.

 Nilimshika mikono tu. Nilipompa kiti hakukaa.

"Nina shida," alisema. "Nataka kuoa."

Alikuwa amevuka sitini. Aliyemtaka alikuwa mjane wa kijiji cha Ilagala, kusini ya mji, mchuuzi wa mpunga, aliyekutana naye mwaka ule katika safari zake mpya za kununua mawese kupeleka Burundi; hakutupitia, alisema, mpaka awe na neno la kutuletea. Wote wawili walikuwa wamekubaliana, lakini wazee wa mwanamke walitaka kuona upande wa mwanamume, nao upande wake haukuwepo. Wengine walikufa, wengine walipotea. "Siwezi kwenda kujiombea mwenyewe," alisema. "Hawatanipokea. Na hata mimi nisingempokea mtu wa hivyo."

Tulikwenda Ilagala wiki iliyofuata, kwa gari la kukodi: mimi, Stella aliyekuwa amestaafu bandarini, na Mzee Rajabu, mzee kabisa sasa, tukimshika mkono kila mahali. Mkalimani alikaa kiti cha nyuma, akitazama nje kama kijana anayepelekwa shule ya bweni.

Tulipokelewa ukumbini na baba mdogo wa mwanamke, mzee mfupi mwenye macho makali, pamoja na ndugu zake wawili. Mkalimani alikalishwa pembeni na kuambiwa asiseme mpaka aulizwe. Mambo ya mahari waliyapanga na Mzee Rajabu, taratibu, bila kugombana. Kisha baba mdogo akatugeukia.

"Huyu mtu katoka mbali. Ninyi Waha, huyu mzee wa Ujiji, yeye Mrundi. Ni nani wenu?"

"Ni kaka yetu," nilisema.

"Wa tumbo gani?"

"La hapa hapa ziwani," alisema Stella, na wazee wakacheka kidogo, lakini baba mdogo hakucheka.

"Akikasirika hufanya nini? Niambieni kweli. Binti yetu alishapata mume mwenye mkono mwepesi."

Stella alinitazama. Ningeweza kusema kwamba hakasiriki kamwe. "Anakasirika sana," nilisema. "Akikasirika anapiga pasi. Anapiga pasi hata leso. Nimefanya naye kazi miaka mingi, sijawahi kumwona akiinua mkono juu ya mtu."

Katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia, mtu alicheka. Baba mdogo akageuka. "Wewe unayecheka, njoo hapa."

Mwanamke alitoka, kitenge kipya, amejifunika kichwa, mtu mzima aliyekomaa mikono. Akapiga magoti kusalimia wazee, kisha akakaa kwenye mkeka.

"Unamjua mtu huyu?" baba mdogo akamwuliza.

"Namjua, baba."

"Unamjua kwa lipi?"

Alifikiri. "Wanaume watatu wameshaniposa tangu nifiwe," alisema. "Wote walinieleza nitakachopata. Huyu aliniuliza ninataka nini, halafu akanyamaza. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kuulizwa. Akasema sawa, atarudi mwezi ujao. Akarudi. Nikawa bado. Akarudi tena."

"Mwisho ukamwambia nini?"

"Hayo ni yangu na yeye."

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akajikuna kidevu, kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia Mkalimani.

"Na wewe? Umemsikia. Una la kusema?"

Mkalimani alisimama. Akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kwenye Kirundi, kwenye Kiswahili, kwenye Kifaransa, na uso wake ukaanza kulowa machozi bila yeye kujali. Wazee walimsubiri. Hakuna aliyemsaidia.

"Ego," alisema kwa Kirundi. Ndiyo.

Akakaa chini. Ndani wanawake wakapiga vigelegele, na baba mdogo akaita maji ya kunawa yaletwe.